Dini, Dola na Ngome: Tathmini ya Matembezi ya Kuongozwa Mjini Mombasa

Matembezi mengi ya kuongozwa yanayouzwa katika Mji wa Kale wa Mombasa humwonyesha mgeni milango ya nakshi, humnywesha kahawa chungu kwa kashata, kisha humwacha mlangoni mwa duka la vinyago. Haya ninayoyatathmini hapa yamechukua njia nyingine. Waandaaji wake, vijana wa mji huu ambao jina la biashara yao sitalitaja kwa kuwa nina ya kuwasifu na ya kuwalaumu, wamejiwekea swali moja na kulizungukia asubuhi nzima: mwanadamu anapodai kuwa Mungu amemkabidhi dunia yote aitawale, nini huwapata wanaoishi chini yake, na uhuru wa kidemokrasia unawapa watu kitu gani ambacho utawala wa namna hiyo hauwezi kuwapa? Ni swali zito kwa shilingi 1,500, na kwa sehemu kubwa wamelitendea haki.

Kundi hukutana saa mbili asubuhi nje ya Fort Jesus, kabla jua halijawa kali, na hutawanyika karibu na adhuhuri. Bei niliyoitaja haijumuishi tikiti ya makumbusho, na tangazo lao halilisemi hilo waziwazi; anayekuja na familia ajiandae kwa malipo mawili. Maji ya kunywa hutolewa, vivuli vimepangwa vyema, na mwongozaji hapigi kelele kushindana na tuktuk.

Kianzio chao ni kizuri kuliko nilivyotarajia. Badala ya kuingia ngomeni moja kwa moja, mwongozaji hukunjua nje ya lango ramani ya dunia aliyoichapisha kwenye turubai, akachora kwa kidole mstari wa Tordesillas, ule ambao Ureno na Hispania ziliutumia kugawana dunia. Mwaka 1455, Papa Nicholas V alitoa hati iliyompa mfalme wa Ureno idhini ya kuziteka nchi za wasio Wakristo katika pwani za Afrika na kuwatia watu wake utumwani. Mwaka 1493, Papa Alexander VI aliwapa wafalme wa Hispania nchi za upande wa magharibi. Na mwaka 1494, Ureno na Hispania zikakubaliana mstari upite ligi 370 (kipimo cha zamani cha umbali) magharibi ya visiwa vya Cape Verde, magharibi yake kukiwa kwa Hispania, mashariki yake kwa Ureno. Mombasa ilikuwa upande wa Ureno. Hakuna mtu wa Mombasa aliyeulizwa, wala aliyekuwa na habari, hadi Vasco da Gama alipotia nanga hapa Aprili 1498, na baadaye, mwaka 1505, Francisco de Almeida alipouteka mji na kuuchoma.

Hapo ndipo thamani ya matembezi haya inapoonekana. Tukisikia maneno "serikali ya dini ya dunia nzima", wengi wetu hufikiria jambo la kubuni, au la nyakati zijazo, au njama zinazosambazwa kwenye simu. Mwongozaji anaonyesha kuwa jambo hilo limekwisha kujaribiwa, kwamba lilikuwa na karatasi, mihuri na mabaharia, na kwamba kipande chake kimoja bado kimesimama mbele yetu kwa matumbawe na chokaa. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano, chini ya mfalme aliyetawala Ureno na Hispania kwa pamoja. Ilipewa jina la Yesu. Minara yake ya pembeni ikapewa majina ya watakatifu: Filipo, Alberto, Mathia, Mathayo. Ukisimama kwenye mnara wa Mtakatifu Mathayo ukatazama jinsi mizinga ilivyoelekezwa mjini na baharini, huhitaji mhadhara mrefu kuhusu hatari ya kuichanganya mimbari na mzinga.

Sehemu iliyo bora kuliko zote, na ambayo peke yake ingetosha kuhalalisha bei, ni simulizi la Yusuf bin Hasan. Mwongozaji hulitoa kwenye ua wa ndani, karibu na magofu ya kanisa, na hulitoa polepole. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, aligombana na makapteni wa Kireno, akakimbilia Rabai, akauawa huko, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Mtoto naye akapelekwa Goa akiwa na umri wa miaka saba hivi, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, akafunzwa ubaharia na vita. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme Mkristo juu ya watu Waislamu, chini ya kapteni aliyemdharau. Goa yenyewe, tangu 1560, ilikuwa na mahakama ya kanisa ya kuchunguza imani za watu, iliyowaandama waliobatizwa wakadhaniwa kurudia kwa siri mila zao za Kihindu, Kiyahudi au Kiislamu. Kijana aliyekulia huko alijua fika nini humpata aliyebatizwa akirudi nyuma. Wareno walipopata fununu kuwa alikuwa akienda usiku kwenye kaburi la baba yake kumwombea kwa dua za Kiislamu, njia mbili tu zilibaki: kukamatwa au kushambulia.

Akashambulia. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama mgeni wa heshima, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akautangaza Uislamu wake, kisha akawataka Wakristo wa mjini, Wareno na Waafrika pia, waslimu. Waliokataa waliuawa, na wanaokumbukwa na Kanisa Katoliki kama mashahidi wa Mombasa ni wapata 300. Mwaka uliofuata aliurudisha nyuma kwanza msafara wa manowari za Wareno, kisha akaiacha ngome na kuishia baharini, akiwasumbua Wareno hadi alipofariki mwaka 1638.

Katika kundi letu alikuwamo bibi mmoja mwenye buibui ambaye tangu mwanzo hakuwa amesema neno. Simulizi lilipokwisha aliuliza: "Mwanangu, sasa huyu Yusufu tumwite shujaa au tumwite muuaji?" Mwongozaji akainamisha kichwa kwa adabu: "Bibi yangu, hilo huwaachia nyinyi wakubwa." Watu walicheka, tukaendelea na safari. Mimi naona alikwepa palepale alipopaswa kusimama. Jibu lililokuwa wazi mbele yetu ni kuwa Yusuf alifundishwa na dola moja kwamba imani ni jambo la kulazimishwa kwa upanga, na alipopata upanga wake alilitumia somo hilo neno kwa neno. Waliomdhulumu walimpokonya haki ya kuamini alichoamini baba yake. Naye akawapokonya mamia ya watu haki ileile. Imani zilibadilishana nafasi mle ngomeni. Kanuni ya utawala haikubadilika hata kidogo, na ni kanuni hiyo, si Ukristo wala Uislamu, inayopaswa kuogopwa.

Juu ya lango kuna maandishi yanayotaja mwaka 1635 ambayo wageni wengi hupita chini yake bila kuyatazama. Mwongozaji huyafasiri yote. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu humo kwa kuitengeneza upya ngome, kuwatiisha wafalme wa pwani walipe kodi na kuwaadhibu waasi wa Pate na Pemba, na anaeleza jinsi mfalme alivyomtunuku kwa kazi hiyo. Ni ripoti ya mtumishi kwa bwana wake. Waliotozwa kodi hawakupewa jiwe la kuandika malalamiko yao.

Baada ya hapo mwendo unakuwa wa haraka, na haraka hiyo ndiyo kasoro kubwa ya huduma hii. Kuzingirwa kwa ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 kulisimuliwa kwa dakika chache, ingawa ndani yake mna kisa kinachoipa mada yao nguvu kuliko hotuba yoyote: njaa na maradhi yalipowamaliza maofisa wa Kireno mwaka 1697, aliyeshika uongozi wa ngome yenye jina la Yesu kwa majuma kadhaa alikuwa Mwislamu, mwana wa watawala wa Faza, kisiwani Pate, aliyeitwa Daud, akiwa na jamaa zake na Waafrika wachache, wanaume kwa wanawake, huku waliokuwa nje wakiwazingira wakiwa Waislamu wa Oman. Mipaka ya watu haikuwahi kufuata mistari inayochorwa na wanaodai kutawala kwa niaba ya Mungu. Mwongozaji alimtaja Daud kwa sentensi moja.

Vivyo hivyo katika nyumba ya Kiomani, ambako kundi lilisimama zaidi kupoa kuliko kusikiliza. Ikiwa matembezi yanahusu hatari ya dini kuwa dola, basi mizani iwe moja. Watu wa Mombasa waliomba msaada wa Oman dhidi ya Wareno kwa kutegemea udugu wa dini, na kwa kweli Wareno waliondoka. Lakini udugu huo haukuwapa sauti katika kuchagua nani awatawale. Wamazrui na Mabusaidi, wote Waislamu kutoka Oman, walipigania mji huu kwa miongo mingi, na Seyyid Said, sultani wa Kibusaidi, alipoushinda mwaka 1837 viongozi wa Kimazrui walitiwa chomboni na kupelekwa Bandar Abbas, Uajemi, ambako waliangamia. Biashara ya watumwa iliyotajirisha pwani wakati huo nayo ilikuwa na watetezi waliojiita wachamungu, kama walivyokuwa nao Wareno kabla yao. Nilitarajia haya yasemwe kwa sauti ileile iliyotumika kwa Papa Alexander. Yalisemwa kwa kunong'ona, na nadhani sababu yake ni kuogopa kuwaudhi wateja. Ni hofu inayoeleweka, ila mteja aliyelipa ili afundishwe hahitaji kubembelezwa.

Kwa Waingereza ulimi ukarudi kuwa mkali. Tuliambiwa jinsi walivyoigeuza ngome kuwa jela tangu 1895, na jinsi jela hiyo ilivyofungwa mwaka 1958, kabla ya ukarabati uliogharimiwa na Wakfu wa Calouste Gulbenkian wa Ureno na kusimamiwa na mwanaakiolojia James Kirkman.

Kituo cha kupumzikia, kwenye ukuta unaotazama mkondo wa bahari, hutumika kuileta mada katika zama zetu. Hapa mwongozaji alikuwa makini tena. Alieleza jinsi kundi la ISIS lililoiteka Mosul, Iraq, lilivyotangaza Juni 2014 kuwa limefufua ukhalifa na kwamba Waislamu wote duniani wanawajibika kumtii kiongozi wake, na jinsi wasomi wa Kiislamu zaidi ya 120 walivyojibu mwezi Septemba mwaka huohuo kwa barua ndefu ya kulipinga kwa hoja za dini yenyewe. Waliouawa na kundi hilo, alikumbusha, wengi walikuwa Waislamu. Akataja Afghanistan, ambako tangu Taliban warudi madarakani mwaka 2021 wasichana wamezuiwa kwenda shule za sekondari, na mama wa mtoto anayetaka kusoma hana mahakama ya kumsikiliza wala kura ya kupiga. Upande wa pili akataja kuwa Kanisa Katoliki lenyewe, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikani mwaka 1965, lilitangaza kuwa kila mtu ana haki ya kutolazimishwa katika imani, na kwamba Machi 2023 Vatikani ililikana rasmi fundisho lililokuwa likijengwa juu ya zile hati za karne ya 15. Dini hizi zimeweza kujisahihisha pale zilipokosa jeshi, au zilipokubali kuliacha. Hayo ya mwisho ni maneno yangu, si yake. Lakini mpangilio wake wa mifano ulinisukuma huko.

Kutoka ngomeni hadi Ndia Kuu, kisha hadi Msikiti wa Mandhry na vichochoro vya Wabohora, ni mwendo wa kupendeza usio na maneno mengi, na haukuhitaji maneno mengi. Misikiti ya madhehebu mbalimbali, hekalu la Wajaini la barabara ya Langoni, na kanisa kuu la Kianglikana lenye kuba linaloweza kumhadaa mgeni akadhani ni msikiti, vyote vimo katika eneo ambalo mtu hulizunguka kwa miguu bila kutoka jasho jingi. Hakuna hata kimoja kinachodai kodi kutoka kwa kingine.

Matembezi hukomea kwenye jengo la zamani la mahakama, la mwaka 1902, hatua chache kutoka ngomeni, na hapo kila mmoja hupewa kijitabu chenye vifungu vya Katiba ya Kenya ya 2010. Uchaguzi wa vifungu ni wa busara. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya serikali. Cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri, dini, itikadi na maoni, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Cha 91 hakiruhusu chama cha kisiasa kuanzishwa kwa msingi wa dini. Halafu kipo cha 170, kinachotambua Mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa na mahakama hizo.

Hicho cha 170 kingestahili nusu saa peke yake. Chimbuko lake ni makubaliano ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar ya mwaka 1895 kuhusu mwambao wa maili kumi, yakarithiwa na mapatano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar. Na katika kura ya maamuzi ya Agosti 2010 viongozi wengi wa makanisa waliipinga Katiba nzima, mojawapo ya sababu ikiwa ni Kadhi. Walihubiri, walifanya mikutano ya hadhara, wakashindwa kwa kura, theluthi mbili hivi ya wapiga kura wakiiunga mkono Katiba, na Jumapili iliyofuata makanisa yao yalikuwa wazi kama kawaida. Hiyo ndiyo tofauti kati ya alivyoishi Yusuf bin Hasan na tunavyoishi sisi. Raia wa leo anaweza kumpinga Kadhi, akampinga askofu, akaipinga serikali, akashindwa, akarudi nyumbani salama, na miaka mitano baadaye akajaribu tena.

Waandaaji, hata hivyo, waliimaliza safari kana kwamba Katiba ikishaandikwa kazi imekwisha. Mtu wa Mombasa hawezi kukubali hilo kirahisi. Februari 2014 polisi walivamia Masjid Musa, Majengo, wakiwasaka waliowatuhumu kuwa na uhusiano na makundi ya kigaidi, wakawakamata watu zaidi ya 100 ndani ya nyumba ya ibada, na yote hayo yalitokea chini ya Katiba hii hii yenye Kifungu cha 32. Demokrasia inayotazama ibada ya raia wake kwa jicho la shaka huwapa wahubiri wa ukhalifa hoja bila malipo. Tofauti ipo, nayo si ndogo: uvamizi ule uliandikwa magazetini, ukalaaniwa hadharani, na waliokamatwa walikuwa na mawakili. Kadhalika kesi ya hijabu katika shule moja ya kanisa huko Isiolo ilisikilizwa Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani ikawaruhusu wanafunzi kuivaa mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo Januari 2019. Wapo waliouchukia uamuzi wa Rufani na wapo wanaouchukia wa mwisho hadi leo, na wote wanaruhusiwa kusema hivyo. Mifano hii miwili ingeingizwa kwenye kituo cha mwisho, wageni wangeondoka na picha ya uhuru unaogombaniwa, badala ya karatasi ya kuipigia makofi.

Kwa upande wa huduma yenyewe: mwongozaji anamudu Kiswahili sanifu na Kiingereza, na ni vyema kuomba mapema kundi la Kiswahili, kwa sababu makundi yanapochanganywa anarudia kila jambo mara mbili na muda wa maswali unapotea. Ngazi za kupandia minara ni ngumu kwa wazee, na sikuona mpango wowote mbadala kwa wasioweza kupanda. Yule bibi alibaki chini peke yake hadi mmoja wetu alipomletea kiti. Kijitabu kimechapishwa kwa herufi ndogo mno. Walimu wa historia na wa elimu ya dini wa shule za upili wangefaidika sana kuwaleta wanafunzi wao, kwa nusu bei inayotolewa kwa vikundi vya shule, mradi wamwombe mwongozaji mapema akae zaidi kwenye nyumba ya Kiomani na awe tayari na jibu la swali la bibi. Asiyependa kabisa kusikia dini yake ikikosolewa achague matembezi ya milango ya nakshi, yanayoanzia mahali palepale na kwa saa ileile.